Baraza la wasomaji: Nikikaa kimya, kichwa ndo kinaanza kelele

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya mtu kutulia na kujiuliza nafsi yake, na meseji zimekuja nyingi mno, za Unguja na za Pemba, na nyengine za ndugu zetu walioko Oman. Majina hatuyaweki kama kawaida yetu. Nimechagua zile ambazo naona zinawagusa wengi.

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete, nina watoto na mama mkwe nakaa nae. Niliona kwenye simu mambo ya meditesheni, mtu anakaa anaangalia pumzi zake tu, nikajaribu alfajiri baada ya sala nikaona nafsi inatulia. Mume wangu kaniona kanambia hayo ibada ya Kihindi niache. Na hata nikitaka kuendelea sina wakati, msimu wa karafuu huu, nikirudi skuli nakuta karafuu zimemwagwa jamvini zinanisubiri. Niache?*

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza mumeo usimbishie, kauliza jambo la maana na anastahiki ajibiwe vizuri. Kukaa kimya na kuiangalia pumzi yako hakuna dini iliyokumiliki peke yake. Wahindu wanayo yao, Mabudha wanayo yao, na huko Marekani mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, wakafundishwa kuangalia pumzi na mwili wao bila ya kuabudia chochote. Na sisi wenyewe je? Mtume s.a.w. kabla ya wahyi alikuwa akijitenga pangoni Hira. Itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani tunaijua sote. Na hapa kwetu halaka za zikri za Kadiria zipo tangu enzi za wazee wetu, tariqa aliyoieneza sana huku Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, na mtu aliyewahi kusimama kwenye halaka ile anajua pumzi inavotumika. Najua wapo masheikh wanaozikubali na wapo wasiozikubali, hilo muwaulize wao, mimi nataka tu mumeo aone kuwa kutulia si jambo tulilolipokea jana kwenye simu.

Lakini ana haki ya kukwambia uangalie. Ikiwa hiyo video inakutaka utamke jina usilolijua maana yake au uinamie picha, hapo funga, usijidanganye kuwa ni mazoezi tu. Kaa uliposalia, elekea kibla ukitaka, vuta pumzi, sema Alhamdulillah ikitoka, basi. Mwambie akae na wewe siku moja aone mwenyewe.

Sasa hili la wakati ndo nataka tukae nalo. Wewe unadhani karafuu zinakuzuia, na mimi naona karafuu ndo pahala pako penyewe. Hebu fikiri unavochambua. Unashika shada, unalisugua na kiganja, karafuu zinadondoka jamvini, kikonyo kinabaki mkononi unakitupa upande wake na wenzake. Shada jengine. Mkono unaijua kazi hata usipoutizama, kwahiyo kichwa kinapata nafasi ya kutoka, na kikitoka kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye bei, kinakwenda kwa wifi yako alosema neno arusini, kinakwenda kwenye ada ya mtoto, na ukija kushtuka rundo limekwisha na wewe umechoka mara mbili, mara moja kwa karafuu na mara moja kwa wifi ambae hata hayupo pale.

Kwahiyo fanya hivi. Usifanye kwa rundo zima, hutoweza na utakasirika. Chukua mashada machache ya mwanzo, kabla watu hawajajaa na stori hazijaanza. Shada likiwa mkononi, kuwa na shada. Lisikie ubichi wake, usikie harufu, usikie ile karafuu inavokatika na kikonyo. Kichwa kitaondoka, lazima kitaondoka, na hapo wengi ndo wanaposema mimi siwezi haya mambo. Kumbe ile sekunde uliyogundua kuwa kimeondoka ndo kazi yenyewe imefanyika. Unakirudisha, hukigombezi. Halafu kila kikiondoka jiulize suali moja dogo: nilikuwa wapi? Usichambue sana, taja tu. Nilikuwa kwa wifi. Haya, shada jengine. Baada ya siku kadhaa utaona kuwa kichwa chako kina njia zake mbili tatu ambazo kinazipita kila siku, na kuzijua hizo kutakufaa kuliko kukaa saa nzima umefumba macho na mama mkwe anakuita. Ile ya alfajiri iendeleze hata ikiwa fupi, maana anaezoea kutulia kukiwa kimya ndo anaepata cha kutumia kukiwa na zogo.

*Bi Mkubwa shikamoo. Mimi dereva, naendesha gari ya Bububu. Hasira zitaniua. Mtu wa Vespa akinikatia mbele pale Darajani natukana mpaka abiria wananinyamazisha, kuna bibi aliwahi kushuka kabla ya kituo chake kwa aibu. Nikiingia nyumbani watoto wananyamaza. Kaka yangu anasoma soma vitabu, kanambia niwe nakaa nijiulize mimi ni nani. Nimejiuliza. Jibu mimi dereva. Basi ndo nini?*

Marhaba mwanangu. Kaka yako kakuonesha njia nzuri ila kakuacha katikati.

Suali hilo la mimi ni nani limejulikana sana kwa sababu ya mtu mmoja wa Kusini mwa India, Ramana Maharshi. Mwaka 1896 alikuwa kijana wa miaka 16, anakaa nyumbani kwa ami yake mji wa Madurai, ghafla ikamuingia khofu ya kufa na wala hakuwa mgonjwa. Badala ya kuikimbia akalala chini akajikaza kama maiti, akajiuliza, haya huu mwili umekufa, sasa huyu mimi kafa pia? Haikupita muda mrefu akaondoka kwao, akaenda kwenye mlima wa Arunachala katika mji wa Tiruvannamalai na hakutoka tena mpaka alipofariki 1950. Watu wakawa wanamuendea kutoka nchi nyingi, na wengi walikuwa na wake na watoto na kazi kama wewe, wakamuuliza na sie tuache majumba yetu tuje tukae mlimani? Akawa anawaambia hapana, kaeni kwenu fanyeni kazi zenu, kujiuliza hakuzuiwi na kazi.

Na namna yake si ya kutafuta jibu la maneno, ndo hapo wewe ulipokwama. "Mimi dereva" ni jibu la kitambulisho. Yeye alikuwa akisema fikra ikija uulize, imemjia nani? Utasema imenijia mimi. Na huyu mimi ni nani? Hapo huitikii kitu, unageuza jicho tu, badala ya kumtizama wa Vespa unamtizama huyu ambae kifua kinamuwaka. Mwisho wa safari hiyo kwake yeye ni itikadi ya Kihindu, sisi tunayo yetu na sichanganyi, ila kuuliza nani hapa amekasirika hakumuharibii Muislamu dini yake hata kidogo, na nadhani dereva anahitaji kuuliza huko kuliko mtu wa mlimani.

Lakini usifumbe macho barabarani jamani! Macho njiani, mikono usukani. Unachofanya ni hichi: mwenye Vespa kakata, gari umeshaituliza, sasa kabla mdomo haujafunguka sikia meno yako. Yamebanana. Sikia vidole vilivoukamata usukani. Toa pumzi pole pole, ndefu kuliko ile uliyovuta, kwa sababu unapotoa pumzi taratibu kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo mpaka moyoni na wenyewe unaupunguza moyo mbio, hiyo si imani ya mtu ndo mwili ulivo. Halafu uliza: nani aliyedharauliwa hapa?

Ukiuliza kweli, si kwa kupitisha, nahisi utakuta kitu chengine kabisa. Utamkuta mtu ambae hajala tangu chai ya asubuhi, hesabu ya tajiri haijatimia, na anajua jioni ataulizwa. Hasira ilikuwemo garini kabla ya Vespa. Yule kijana wa Vespa kaja kuikuta tu. Na ukishaliona hilo mara moja, kumtukana kunakuwa kuzito, si kwa sababu umekuwa malaika bali kwa sababu unajua kuwa unaempigia kelele si yeye aliyekukasirisha.

Sisi tumefundishwa kuwa ukikasirika umesimama ukae, na ukiwa umekaa na haijaondoka ulale. Wewe umeshakaa na kulala huwezi, kwahiyo ukifika mwisho wa njia Bububu, kabla hujageuza, shuka. Chukua udhu kama maji yapo karibu. Acha konda aite abiria wewe simama pembeni upumue. Na nyumbani usiingie na injini bado iko kichwani, simama kidogo nje ya mlango, jiulize nani anaingia sasa hivi, dereva wa Darajani au baba wa watoto hawa? Hilo nakuomba ulifanye kuliko mengine yote niliyoyaandika, maana watoto wanaonyamaza baba akiingia ni jambo linaloniuma sana. Na yule bibi ukimuona tena kituoni muombe radhi.

*Bi Mkubwa, mimi ni mama wa Jang'ombe. Nilisikia mawaidha kuwa mtu aihesabu nafsi yake kila usiku kabla ya kulala. Nafanya, lakini kila nikihesabu nalia, naona sifai, mama mbaya mke mbaya, na asubuhi naamka mzito. Na kuacha naogopa.*

Mdogo wangu, pole. Usiache, ila hiyo unayofanya siyo.

Kuihesabu nafsi ni jambo kongwe kwetu. Suratul Hashr aya ya 18 inaitaka kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Mwanazuoni Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na akafariki Baghdad mwaka 857, aliishughulikia maisha yake yote, na Imam Ghazali aliyefariki 1111 akaipanga vizuri kabisa, akasema uwe na nafsi yako kama mfanyabiashara na mshirika wake, asubuhi mnawekeana masharti, mchana unamuangalia anavofanya kazi, jioni ndo mnapiga hesabu, mtaji uko wapi, faida ipi, hasara ipi. Sasa angalia ulipoharibikiwa. Wewe asubuhi huwekeani masharti na mtu, mchana huangalii, unakuja usiku umechoka hoi unafungua daftari na unaandika hasara peke yake. Mfanyabiashara gani anahesabu hivo? Faida nayo iandikwe, ni katika ukweli. Ulimpikia mzee wa jirani, hilo lipo. Ulijizuia kusengenya pale kwenye msiba, hilo lipo.

Na kubwa zaidi, "mimi mama mbaya" si hesabu. Ni hukumu, tena hukumu isiyokuwa na ushahidi, na haikupi la kufanya kesho. Hesabu inasema hivi: leo baada ya magharibi nilimpigia kelele mwanangu kwa kumwaga uji, nilikuwa na njaa, na mtu anaenidai alikuwa ndo kwanza kakata simu. Umeona tofauti? Hapo kuna saa, kuna kitu, kuna sababu. Na kesho kuna la kufanya: kula japo tonge kabla ya kuwapa chakula wao, simu ya mdai usipokee pale jikoni, na mtoto mkumbatie asubuhi umwambie mama alikosea. Omba maghfira kwa lile, kwa jina lake, kisha lala. Allah Ghafur, wewe ni nani ukatae kusamehewa?

Chengine, usifanye ukiwa kitandani. Fanya baada ya isha umekaa, taa inawaka, jambo moja au mawili yanatosha. Na asubuhi weka sharti moja dogo, leo nitafanya hivi, ili jioni uwe na kitu cha kuhesabia.

Ila nikuulize, hicho kilio ni usiku tu au na mchana? Chakula kinapita? Ikiwa wiki zinakwenda hulali huli na hakuna kinachokufurahisha, hiyo yaweza kuwa sonona, ni maradhi na yana dawa na yana madaktari wake, kujihesabu hakuyatibu na kunaweza kuyazidisha. Nenda hospitali, na mwambie dada yako akusindikize.

*Mimi mkulima wa mwani, Paje. Nikitia nia ya sala tu akili inakwenda baharini kwenye kamba zangu, nafika tahiyatu sijui nimesomaje. Nifanye nini?*

Dada yangu, hakuna kati yetu asiyeyajua hayo. Akili yako imezoea kukimbizana na maji, bamvua likija una saa chache tu mpaka maji yajae, ndo maana hata ukiwa mswalani bado inakimbia. Kwahiyo usianze na sala, anza na njia. Ukitoka baharini mpaka nyumbani kuna mwendo, sehemu ya mwendo huo tembea tu, usikie mchanga miguuni, usihesabu kilo. Kwenye udhu maji yasikie, usiyapitishe. Ukisimama mswalani usikimbilie takbira, subiri pumzi itulie. Na soma pole pole zaidi ya ulivozoea, uwe unapumzika kwenye kila aya, maana tukisoma mbio ulimi unakwenda peke yake na akili inaona haina kazi. Ikitoroka irudishe kwenye ile aya uliyopo, basi, endelea. Usikatike moyo ukaiona sala yako haina kitu.

*Nina miaka 22, niko Chake. Baba alifariki mwaka jana ajali ya baharini. Rafiki yangu kanifundisha kukaa kimya gizani nijitafute. Nikifumba macho namuona baba, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mara ya mwisho nilihisi kama naishiwa na pumzi. Rafiki anasema nivumilie ndo nafsi inasafika.*

Mwanangu, Allah amrehemu baba yako, na Allah akupe subira. Rafiki yako anakupenda lakini hapo kakosea, usivumilie. Acha kukaa gizani, acha leo.

Kukaa kimya si dawa ya kila mtu kwa kila wakati, na wanaofundisha jambo hili kwa uangalifu wanalijua hilo. Aliyepata msiba mkubwa wa ghafla, akifumba macho peke yake anaweza kurudishwa pale pale palipomuumiza, na kila akirudishwa mwili unaogopa upya. Kwako wewe kutulia kuwe kwa macho wazi na mchana na karibu na watu. Ikikujia ile, tia miguu chini uisikie ardhi, angalia vitu vilivo mbele yako uvitaje, mlango, mwembe, ndoo, baskeli, sema kwa sauti ukitaka. Osha uso kwa maji baridi. Tembea. Ukikaa usikae peke yako, na msomee baba yako Quran pamoja na nduguzo si peke yako chumbani.

Na tafuta mtu aliyesomea. Hospitali za Pemba zinakupokea na ukiwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, na nawaomba wasomaji wote tuache kulitaja jina la hospitali ile kwa kumtishia mtu, kuna watu wanakosa tiba kwa sababu ya midomo yetu. Mtu mwenye mguu uliovunjika hatumwambii avumilie mguu usafike. Na ikikupitia hata mara moja fikra ya kujidhuru, usisubiri gazeti, mwambie mama yako au mwalimu wako saa hiyo hiyo.

Kujiuliza wewe ni nani kutakusubiri. Sasa hivi wewe ni kijana aliyefiwa na baba, na hilo pekee linatosha kushughulikiwa.

*Bi Mkubwa kuna programu za simu za meditesheni, zinafaa? Na nikae dakika ngapi?*

Zinafaa kwa kuanzia, zile za bure zinatosha, usilipe pesa. Ila simu hiyo hiyo ndo inayokuletea meseji za watu, kwahiyo ukishajua namna yake iache chumba chengine. Dakika tano kila siku baada ya sala moja unayoiweza ni bora kuliko nusu saa ya Ijumaa peke yake.

Suali la dada wa Mkoani kuhusu mume aliyeacha kuzungumza nae tangu dada huyo aanze kukaa kimya usiku nimelisoma, refu na linahitaji nafasi yake, nitalijibu toleo lijalo inshaallah. Dada, ukisoma hapa niandikie kama na mumeo yuko tayari nimjibu.